Uongo Niliomwambia Dokta Lema

Nasinyari aliponipigia simu hakuanza na salamu. "Dokta Lema amefariki," alisema. "Wanazika Machame Jumamosi. Unakwenda na mimi au unakwenda peke yako?" Nilimwambia nitakwenda naye. Akanifuata nyumbani kwangu Akheri na pikapu yake ya kubebea pumba za mifugo, amevaa miwani myeusi ingawa siku hiyo wingu lilikuwa limeufunika Meru mpaka chini kwenye migomba. Njia nzima hatukuzungumza zaidi ya mambo ya barabara. Asiyetujua angedhani tumegombana, na asingekosea sana: tuligombana miaka kumi na sita iliyopita, na urafiki tulionao leo umejengwa juu ya ugomvi ule. Baada ya mazishi tuliketi chini ya turubai, tukapewa sahani za ndizi na nyama. Nyuma yetu vijana wawili waliovaa tai, bila shaka wanafunzi wake, walikuwa wanamkumbuka marehemu kwa sauti ya chini. "Zamani watu walimwona kichaa," mmoja alisema. "Mtu kagongwa kichwa, yeye anampandisha baiskeli." Nasinyari aliweka kijiko chini akacheka, kicheko cha kwanza siku nzima. "Kweli alikuwa kichaa," alisema. Miongoni mwa watu wote waliokuwa chini ya turubai lile, sidhani kama yuko mwingine aliyewahi kumtazama yule mzee machoni akamwambia uongo kama wangu.

Nilikuwa na miaka ishirini mwaka ule. Nilidakia timu ya wasichana ya Olasiti, na Nasinyari, ambaye sote tulimwita Nasi, alikuwa beki wa kati mbele yangu. Tulipanga chumba kimoja, chenye dirisha moja lililotazama nyumba ya jirani isiyokwisha kujengwa. Magodoro yetu mawili yalikaa sakafuni, jiko la mafuta ya taa lilikaa kwenye pembe, na juu ya jiko tulifunga kamba ya kukaushia glavu zangu, kwa hiyo chakula chetu chote kilinuka mpira na jasho kidogo. Kila Jumatatu Nasi alirudi kutoka kwao Terrat na dumu la maziwa ya mgando, nikachemsha mahindi, tukapika loshoro ya kutosha siku mbili. Yeye aliongea, mimi nilisikiliza. Uwanjani ilikuwa hivyo hivyo: sauti yake ndiyo iliyoniambia mpira unatoka wapi, hata kabla macho yangu hayajaona. Nimefundisha michezo shuleni miaka mingi sasa, nimeona marafiki wengi wa uwanjani, na bado sijaona wawili walioelewana kama tulivyoelewana sisi miezi ile ya mwanzo wa mwaka.

Mwezi wa pili, kwenye uwanja mkavu mgumu kama sakafu, nilijitupa miguuni kwa mshambuliaji na goti lake likanipiga nyuma ya sikio. Naambiwa niliinuka, nikacheza dakika ishirini zaidi, nikaokoa shuti zuri sana. Silikumbuki. Ninachokumbuka ni kushika nguzo ya goli na kutapika, na Nasi amenishika kiuno akisema, "Ana, Ana, niangalie." Wiki mbili zilizofuata nililala chumbani. Mwanga ulinichoma. Sauti ya kijiko kikigusa sufuria iliniingia kama msumari. Nasi alitundika kanga mbili dirishani, akahamishia jiko nje, akawa anapika kwenye kibaraza hata mvua ikinyesha, na akirudi ndani na sahani alikula kwa mkono, polepole, ili nisimsikie akitafuna. Majirani walikuja kunipa pole wakasema nilale tu, kichwa kinataka kulala. Nililala, na kadiri nilivyolala ndivyo nilivyozidi kuogopa kuinuka. Mwisho kocha wetu, Kocha Mollel, alikuja na bodaboda akasema kuna mtu hospitali moja mjini, amerudi kutoka masomoni, ana mambo mapya ya vichwa.

Mtu mwenyewe alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na chumba chake cha mazoezi tiba kilikuwa mwisho wa korido, baada ya stoo ya mashuka. Ndani mlikuwa na pazia la kijani, godoro, kioo, kipande cha sponji sakafuni na baiskeli isiyokwenda popote, kiti chake kimezungushiwa plasta. Watu walimwita dokta. Mwanzoni aliwasahihisha, akasema yeye si daktari, ni mtaalamu wa mazoezi tiba, halafu akachoka. Nilimsalimu, "Shikamoo dokta," na kabla sijakaa akaniuliza, "Marahaba. Umelalaje?" Kila siku swali lake la kwanza lilikuwa hilo. Halafu alinipandisha kwenye baiskeli, akanishika kifundo cha mkono huku anatazama saa yake. "Kanyaga taratibu. Kichwa kikianza, sema pale pale. Sihitaji shujaa hapa." Siku ya kwanza nilisema baada ya dakika tatu. Akanishusha. Alisema ubongo uliotikiswa ukifichwa gizani muda mrefu mno unasahau kazi, na ukikimbizwa mapema unaumia zaidi, kwa hiyo kazi yetu ilikuwa kutafuta mstari ulipo na kusimama hatua moja nyuma yake. Keshokutwa yake mstari ulikuwa dakika nne.

Tuliendelea hivyo, mara tatu kwa wiki. Nilisukuma kiganja chake kwa paji la uso ili shingo ipate nguvu. Nilisimama mguu mmoja juu ya sponji, macho nimefumba, na mara nyingi nikamwangukia. Nilitaja miezi kutoka Desemba kurudi nyuma. Na kila tulipoanza alinipa maneno matano, akaniuliza tena baada ya dakika kumi. Alikuwa na orodha tatu alizobadilishana. Nyingine nimeshazisahau, lakini ya kwanza ninayo mpaka leo: kiwiko, sukari, mlango, farasi, mvua. Wiki ya tatu nilichoka kuwa mgonjwa. Kichwa kilianza dakika ya sita, nikanyamaza. Dakika ya saba nikatabasamu. Dokta Lema alizuia pedali kwa kiatu chake. Sikujua alichoona, labda taya langu, labda mapigo. Hakukasirika. Alivuta kigoda akakaa, akawa ananitazama kutoka chini.

"Anaeli. Goti likiuma unachechemea, hata mpita njia anaona. Kichwa hakichechemei. Wewe tu ndiye unayejua kilichomo. Ukinidanganya sina mashine ya kukuumbua. Nitakuandikia karatasi, utakwenda uwanjani, na chini ya karatasi kutakuwa na jina langu. Umenielewa?"

"Nimeelewa dokta."

"Kilianza saa ngapi?"

"Dakika ya sita."

"Basi safari ijayo ni dakika tano," alisema, akaniletea maji. Nililia kidogo kwa aibu. Tangu siku hiyo sikumdanganya tena kuhusu kichwa changu mwenyewe. Baada ya wiki kumi nilikimbia bila kizunguzungu, nikadaka mipira aliyonirushia ukutani, nikarudi golini. Kocha Mollel, aliyekuwa ameogopa kuliko alivyoonyesha, akaweka sheria: yeyote atakayegongwa kichwa hatacheza bila karatasi ya Lema. Sote tuliona ni sheria nzuri. Ilikuwa bado haijamgusa mtu mwingine.

Ilimgusa mwezi wa nane. Klabu moja kubwa ya Dar es Salaam ilikuwa inawatuma watu wawili kutuona Jumapili ya wiki ile iliyofuata. Hatukuambiwa wanamtaka nani, lakini siku moja nilikuwa nafua nguo nyuma ya nyumba ya Kocha nikamsikia dirishani anaongea na simu: "Beki wangu wa kati ndiye hasa. Na kipa pia mtazameni, lakini beki huyu hamtapata mwingine." Nilikunja nguo zangu nikaenda kumwambia Nasi. Alinikumbatia mpaka mbavu zikauma. Nilifurahi, na palikuwa na chembe ya kitu kingine ndani ya ile furaha, ambayo nimeitafuta mara nyingi tangu wakati huo ili nijue ilikuwa nini na ilifanya kazi gani katika yote yaliyofuata. Alhamisi, siku kumi kabla ya wageni kuja, mazoezini, Nasi na mshambuliaji wetu waliruka pamoja kwa mpira wa kona. Nilisikia vichwa vikikutana. Mshambuliaji alishika pua, akalaani. Nasi alilala chali, macho wazi, kwa muda ambao nilihesabu: moja, mbili, tatu, nne. Kocha akapuliza filimbi. Nasi akasimama, akajipangusa vumbi. "Niko fiti, kocha." Kocha alimtazama kwa muda mrefu. Niliona jinsi alivyotamani kumwamini. "Jumatatu utaenda kwa Lema," alisema. "Akikupa karatasi unacheza."

Nyumbani alikaa mgongo ukiwa umeelekea dirisha. Alitia chumvi kwenye mboga, akazungumza kidogo, akatia tena. Nilipoangusha mfuniko alifumba macho. Zile dalili nilizijua kama njia ya kwetu, nilikuwa nimepita humo miezi michache tu nyuma. "Nasi, kichwa kinauma," nilisema. Sikuuliza. Alisema kinauma kama kinavyomuuma mtu aliyegongwa, kitaisha. Siku mbili alijiegemeza ukutani badala ya kulala. Jumapili mchana tulikuwa tunachambua mchele, ungo katikati yetu, na niliona anaokota punje nzuri anaziacha chuya.

"Nipe maneno," alisema.

"Maneno gani?"

"Usinizingue, Ana. Maneno ya Lema. Orodha zote tatu."

"Siwezi."

"Unaweza. Huwa unayataja ukiwa unafua."

Nikamwambia alichoniambia dokta kuhusu kichwa kisichochechemea. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kuongea polepole, akichagua kila neno kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. "Wiki mbili nilikupikia nje. Mvua ilinipiga. Nilikuogesha. Sijakudai asante na leo sikudai. Lakini sijawahi kukuomba kitu, Ana, hata kimoja. Jumapili ijayo ikipita, hawa watu hawarudi. Nitakaa gizani mwezi mzima ukitaka, nitaendesha baiskeli yake mpaka iote kutu. Baada ya Jumapili." Nilirusha mchele, makapi yakaruka, nikaweka ungo chini. Nikamwambia, "Kiwiko. Sukari. Mlango. Farasi. Mvua." Akarudia. Alikosea farasi. Tulirudia mpaka mchele ukaisha, orodha zote tatu, na katika muda wote ule sikuwaza ubongo wake hata mara moja. Niliwaza zile kanga mbili alizotundika dirishani.

Jumatatu tulikwenda wote. Mimi niliketi kwenye benchi upande wa pili wa pazia la kijani. Nilimsikia Dokta Lema akimuuliza amelalaje, nikamsikia Nasi akijibu kwamba amelala kama mtoto mchanga. Nilisikia maneno matano yakisomwa. Ilikuwa orodha ya pili, na moyo wangu ukatulia, na nikajichukia kwa kutulia kwake. Baada ya muda aliulizwa ayarudie, akayarudia haraka, kwa mpangilio, kama mtoto anayesoma aya za kipaimara mbele ya mchungaji. Kwenye sponji aliyumba. Akasema kifundo cha mguu kilitenguka kidogo mazoezini. Kisha pazia likavutwa na Dokta Lema akatoka, kalamu mkononi, karatasi kwenye ubao wake. Hakunitazama mara moja. Alitazama saa ya ukutani, kisha mimi.

"Anaeli. Wewe unakaa naye chumba kimoja. Analalaje?"

Nyuma yake, kwenye nafasi ya pazia, niliuona uso wa Nasi. Hakunikonyeza, hakutikisa kichwa. Alikuwa ananitazama tu.

"Analala vizuri," nilisema.

"Vizuri?"

"Vizuri tu, dokta."

Aliandika. Kalamu ilikwama, akaipuliza, akaandika tena. Njiani Nasi alinishika mkono mpaka Olasiti, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

Jumapili ile wageni wawili waliwekewa viti vya plastiki kwenye mstari wa kati. Jua lilikuwa kali, Meru umesimama wazi bila wingu hata moja, na sijawahi kucheza vizuri kama nilivyocheza kipindi kile cha kwanza. Nilidaka vitu ambavyo hata leo mikono yangu inavikumbuka. Nasi naye alicheza. Mtu asiyemjua angesema ni beki mzuri mwenye nidhamu. Mimi niliyezoea sauti yake nilisikia kimya. Hakuniita, hakunipanga. Kipindi cha pili kilipokolea, mpira ulipokuwa mbali, aligeuka akaniuliza, "Namnyaki, tuko upande gani?" Namnyaki ni mdogo wake, aliyekuwa Terrat na ng'ombe. Nilimwambia, "Huku, Nasi, goli letu liko huku." Akaitikia kwa kichwa. Nikajiambia dakika thelathini zimebaki. Nikajiambia ishirini na tano. Nilikuwa nahesabu dakika za mwenzangu kama mtu anayesubiri maji yachemke. Halafu ikawa kona dhidi yetu. Wapinzani wetu walikuwa na msichana mrefu aliyeruka kwa viwiko, na Nasi ndiye aliyetakiwa kuruka naye. Nilimwona anasimama kwenye nafasi yake, anafumba macho kwa sababu ya jua, anayafumbua, anatafuta mpira upande ambao haupo.

Nilitoka golini nikakimbia. Mpigaji wa kona alikuwa anauweka mpira kwenye alama. Niliuchukua mikononi mwake, nikauweka chini, nikaukalia. Refa alikuja anapuliza filimbi usoni kwangu. "Kipa, una wazimu? Inuka!" Nikamwambia mtoe namba tano, ana mtikisiko wa ubongo. Akasema ana karatasi. Kocha Mollel alikuwa ameingia uwanjani, anakuja kwa hatua ndefu, "Anaeli! Unafanya nini Anaeli!" na wasichana wote wamenizunguka. Nikapiga kelele, maana sikujua njia nyingine ya kulitoa jambo lile. "Karatasi ya uongo! Nilimpa maneno! Hajalala siku kumi, dokta aliniuliza nikasema analala!" Kadi ya njano ilikuwa juu yangu, na refa akasahau kuishusha. Nasi alikuja, akasimama mbele yangu akiyumba kidogo. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi. Alikunja uso kama anayetafuta jina la mtu. "Umeshadaka zako," alisema. "Wewe wamekuona. Ndiyo maana umengoja mpaka sasa." Kisha akakaa chini, akalala ubavu, akatapika kwenye chokaa ya mstari.

Wageni hawakumchukua mtu siku ile. Nasi alipelekwa hospitali, akapigwa picha, wakasema hakuna damu iliyovuja, akaruhusiwa, na mama yake akaja kumchukua kwenda Terrat. Nilirudi chumbani nikakuta godoro moja. Jumatano nilikwenda kwa Dokta Lema peke yangu, nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Alikuwa ameshayasikia kwa Kocha, lakini aliniacha nimalize.

"Uliniambia analala vizuri," alisema.

"Ndiyo, dokta."

"Unajua kwa nini nilikuuliza wewe? Kwa sababu nilishaona yeye ananidanganya. Maneno aliyataja kama wimbo. Mtu anayekumbuka huwa anasita, anatafuta. Na kile kifundo hakikuwa na kitu. Nikasema, nitamuuliza mwenzake. Yule tulishamalizana naye, hawezi kunidanganya." Alivua miwani akaifuta kwa koti lake, ikawa chafu zaidi. "Na bado kazi ilikuwa yangu. Niliona, nikatia sahihi. Nilitaka na mimi aende Dar." Watu hutarajia kwamba mtu mzima katika hali hiyo atasema neno la kukuponya. Hakusema. Alifungua daftari lake. "Mama yake amekataa kumleta, anasema mjini pamemharibia mtoto. Nitamfuata mimi, Jumamosi. Sijui njia. Utanionyesha."

Kwao Terrat nyumba ya mama yake ilikuwa ya matofali ya saruji yasiyopigwa plasta, zizi likiwa kulia. Mama mwenyewe, ambaye hata mimi nilimwita Yeyo kama wanawe walivyomwita, alitupokea, akamkaribisha dokta ndani. Nilipofika mlangoni sauti ya Nasi ilitoka chumba cha giza: "Huyo asiingie." Hakuna aliyebishana naye. Yeyo aliniletea ndoo, akaigeuza chini ya dirisha lililofungwa, nikakaa. Nilikaa pale Jumamosi ile, na iliyofuata, na zote mpaka mvua za vuli. Niliyajua matibabu yake yote kwa masikio. Nilisikia dokta akihesabu hatua. Nilisikia Nasi akikimbilia beseni. Siku moja nilimsikia anapiga kelele kwamba mwanga unamchoma, aondoke na mazoezi yake, yeye si mtoto wa kufundishwa kusimama, na dokta akajibu kwa sauti ile ile ya kila siku, "Sawa. Jumamosi iliyopita ulisimama sekunde ngapi?" Nasi akajibu, "Tisa." "Basi leo tutafute tisa." Yeyo alinipa chai ya maziwa kila nilipokuja. Mara moja jirani yake alimuuliza kwa Kimaasai mimi ni nani, akidhani sielewi. Nilielewa nusu. Yeyo alimwambia ni huyu aliyemsemea mwanangu uongo, na ni huyu aliyesimamisha mpira. Alisema yote mawili kwa pumzi moja, huku anamimina chai.

Nasi hakucheza tena. Ilimchukua mwaka na zaidi kusoma ukurasa mzima bila kupumzika, na mpaka leo jua kali linamfanya achague upande wa barabara. Nilicheza misimu miwili mingine hapa hapa Arusha, kisha chuo cha ualimu kikanichukua na sikusikitika. Kwa miaka mingi niliuliza swali moja moyoni, kisha siku moja nikamuuliza Dokta Lema mwenyewe, wakati huo mvi zimeshamwingia: ni lile pigo la Alhamisi lililomharibia, au ni zile dakika nilizompa mimi? Alifikiri, akasema hajui, hakuna anayeweza kujua, na kwamba hatanidanganya ili nipate usingizi. Nilimshukuru, ingawa nilikuwa nimekwenda kwake nikitumaini kudanganywa. Shuleni kwangu sasa, mtoto akigongwa, namuuliza yeye kwanza, halafu namuita rafiki yake pembeni. Huyo rafiki ndiye ninayemtazama zaidi. Wengine hutazama chini, na hapo huwa nangoja, simharakishi, hata kengele ikilia.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja mwaka ule ule, Yeyo alikuwa amekwenda mnadani na ng'ombe. Dokta Lema alikuwa amepanga kumtoa Nasi nje, kwa mara ya kwanza, atembee uani huku anageuza kichwa kushoto na kulia bila kuachia macho kitu kilichoko mbele yake. Wiki iliyotangulia walijaribu ndani, akamwangukia mama yake. Nilimsikia dokta anamweleza. "Lazima mimi niwe nyuma nikudake. Na lazima pawe na mtu mbele, anarudi kinyumenyume, umtazame uso. Ukuta haufai, ukuta hausogei."

"Yeyo atarudi jioni."

"Jioni mimi nina wagonjwa."

"Tuache basi."

"Tunaweza kuacha," dokta alisema. Nilikuwa nje ya dirisha, mikono kati ya magoti, na kuku wa Yeyo walikuwa wanaparua karibu na miguu yangu, na nilisikia pumzi za Nasi, ndefu, kama za mtu anayejiandaa kuinua mzigo.

"Mwite," Nasi alisema.

Alitoka amevaa kofia ya kaka yake, mkono juu ya macho. Alikuwa amekonda. Dokta Lema alinisimamisha mbele yake, hatua mbili, akazunguka akasimama nyuma yake mikono wazi. "Mtazame usoni," alimwambia. "Kichwa kiende, macho yabaki. Akisogea, umfuate." Nasi aliteremsha mkono. Hakuwa amenitazama tangu ile siku ya chokaa, na sasa alitakiwa kunitazama bila kupepesa, na mimi nilitakiwa kutazamwa. Sikujua nifanye nini na uso wangu. Niliuacha kama ulivyo. Nikarudi nyuma hatua moja, akaja. Kichwa chake kikaenda kushoto, kikaenda kulia, macho yakabaki kwangu, yamejaa maji kwa sababu ya mwanga. Hatua ya sita akayumba, dokta akamshika mabega. "Unamwona wangapi?"

"Wawili."

"Ngoja."

Tukangoja wote watatu.

"Mmoja," Nasi alisema. "Bado nina hasira na wewe, Ana."

"Najua."

"Sijamaliza."

"Najua, Nasi."

"Twende," dokta alisema nyuma yake. "Saba."

Nilirudi nyuma. Nane, tisa. Nadhani niliharakisha, kwa woga wa kwamba ataanguka mbele ya macho yangu, maana alisimama akakunja uso.

"Unanikimbia."

"Sikukimbii."

"Basi nenda polepole," alisema. "Siwezi kukufuata hivyo."

Nikapunguza hatua. Akaja.